Mama aliyechoka: chakula, usingizi, miti shamba na maombi. Akina mama wa Nairobi, tuongee

Mama wa Watatu, Donholm (mwanzilishi wa uzi)

Bwana asifiwe, wapendwa.

Uzi huu ni wa akina mama wenye watoto wadogo ambao uchovu umewazidi kimo. Siongelei kuchoka kwa siku moja kwa sababu maji yalipotea mkabeba mitungi. Naongelea kuamka umechoka kuliko ulivyolala, wiki baada ya wiki, hadi kufungua Biblia kunakuwa kazi nyingine inayokusubiri baada ya vyombo.

Mama kama huyo hupewa shauri la aina mbili hapa mjini. Kanisani anaambiwa aombe zaidi, aje kesha la Ijumaa, akemee roho ya uzito. Kwenye simu yake anauziwa unga wa majani fulani kwa maelfu ya shilingi, eti utarudisha nguvu zote. Mimi ni mwamini na siachi kuomba. Jikoni kwangu tangawizi, limau na unga wa wimbi havikosi. Ila nina jambo nalishikilia: Mungu hushughulikia mwili wa mtu aliyechoka kabla ya kumdai chochote.

Someni 1 Wafalme 19. Eliya ametoka Karmeli, moto umeshuka mbinguni mbele ya macho ya taifa zima. Yezebeli anatuma neno moja tu la vitisho na nabii anakimbilia jangwani, anaketi chini ya mretemu, anaomba afe. Mungu hakumkemea. Hakumuuliza imani imeenda wapi. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akamwambia ainuke ale, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena! Malaika akarudi mara ya pili na chakula, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa kumshinda. Lile swali la "Unafanya nini hapa, Eliya?" aliulizwa baadaye kabisa, alipofika Horebu, akiwa ameshakula na kulala.

Kwa hivyo nitaanza na mkate, yaani chakula, na hasa damu.

Mwanamke akibeba mimba hutoa madini ya chuma ya kutengeneza damu ya watu wawili, akijifungua hupoteza damu nyingine, kisha kabla akiba haijarudi anashika mimba ya pili. Upungufu wa madini ya chuma hauji na kelele. Unakuja na kuhema ukipanda ngazi za ploti, moyo kwenda mbio, kichwa kuuma, baridi ya mikono, hasira za haraka kwa watoto. Wengi wetu tunaita hali hiyo "maisha".

Hapa Nairobi tuna dawa na tuna adui, na vyote viko mezani pamoja. Dawa ni terere (mchicha), managu (mnavu), kunde, ndengu, maharagwe, omena, na maini mara moja moja ukijaliwa. Adui ni kikombe cha chai kinachofuata chakula papo hapo. Majani ya chai yana tanini, nazo hushika madini ya chuma ya mboga na nafaka tumboni yasiingie mwilini. Kahawa nayo vivyo hivyo. Sisemi muache chai, nani ataweza? Isogezeni tu. Kula ugali wako na managu, kamulia limau au kula chungwa, kwa sababu vitamini C husaidia chuma hicho kuingia, kisha chai isubiri saa moja au mbili. Mama mboga hakudai senti zaidi kwa hilo.

Maharagwe na ndengu lowekeni usiku, yale maji mmwage. Uji wa wimbi nao uchachusheni kama bibi zetu walivyofanya: koroga unga na maji ya uvuguvugu, funika, uache siku moja au mbili hadi uwe mchachu, ndipo upike. Wimbi lina kalisi (kalsiamu) nyingi kuliko nafaka zetu nyingine, lakini pia lina vitu vinavyozuia chuma, na kule kuchacha huvipunguza. Ule uchachu ambao vijana wanaukimbia ndio wenye faida.

Karibuni. Ulizeni, rekebisheni, ongezeni.

Mama Kichanga, Githurai

Asante dada. Mimi nina mtoto wa miezi minne, wa pili. Nimekula njahi mpaka nimezikinai, nakunywa supu ya mifupa na juisi ya bitiruti kila asubuhi kwa sababu niliambiwa inaongeza damu. Lakini nikiinama kuokota kitu naona giza. Nywele zinatoka kwa vishada. Na kuna kitu kingine naona haya kukisema: mtoto akilia usiku, sisikii huruma. Sisikii chochote. Namnyonyesha kama mtu anayejaza fomu. Nimeomba kuhusu hilo na nahisi mbingu ni shaba.

Muuguzi, kliniki ya mama na mtoto

Mama Kichanga, pole sana, na umefanya vyema kuyasema. Nitayajibu yote mawili, kwa sababu yanaweza kuwa yanahusiana na yanaweza kuwa mbali kabisa.

Kwanza damu. Bitiruti ni chakula kizuri, lakini rangi yake inatudanganya. Chuma chake ni kidogo. Ndengu na maini vinaishinda mbali. Supu ya mifupa inashibisha na kutia joto, ila damu haiongezi kwa kiasi hicho. Nenda ukapimwe hemoglobini, yaani kiwango cha damu, ni tone la damu kidoleni. Kwa mwanamke asiye mjamzito tunahesabu upungufu ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, na kwa mjamzito chini ya 11. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na mwili wa mtu wa huku huhitaji damu nzito kidogo kuliko wa Mombasa. Kwa hiyo jibu likiwa 12 kasoro, usikubali kuambiwa ni sawa tu.

Ukipewa vidonge vya chuma, vimeze na maji au juisi ya chungwa, mbali na chai na maziwa. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Vikikufunga tumbo rudi useme, usiviache kimyakimya. Na ukianza kupata nguvu endelea navyo muda ulioambiwa, maana damu hupanda kabla akiba ya mwili haijajaa. Waambie pia kuhusu nywele na uchovu, waangalie kama tezi ya shingoni inafanya kazi. Baada ya uzazi wakati mwingine huyumba. Kutoka nywele mtoto akiwa wa miezi mitatu, minne, hutokea kwa wengi na hupita.

Sasa hilo la pili. Kutohisi chochote kwa mtoto wako si dhambi unayoficha. Ni dalili. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke 1 kati ya 5 hupata matatizo ya afya ya akili baada ya kujifungua, na mengi yake ni huzuni kubwa. Zile siku chache za machozi wiki ya kwanza hupita zenyewe. Lakini ikifika wiki mbili, huna furaha, huna hamu, hulali hata mtoto akilala, hiyo inatibika: kwa mazungumzo, kwa dawa, na dawa zipo ambazo mama hunywa huku akinyonyesha. Sema kliniki maneno yale yale uliyoandika hapa. Na yeyote anayesoma, ikiwa mawazo yamefika mahali pa kujidhuru au kumdhuru mtoto, au unasikia sauti, usingoje asubuhi. Mwite mtu akae nawe, muende hospitali usiku huo huo.

Mama wa Watatu, Donholm

Amina, sista. Mama Kichanga, naongeza moja tu kuhusu mbingu kuwa shaba. Zaburi zimejaa watu wasiosikia chochote, na maneno yao yamewekwa ndani ya Biblia, hayakutupwa nje. Zaburi ya 88 inaisha gizani, haina mstari wa ushindi mwishoni. Mungu aliikubali hivyo. Ukikosa maneno, soma hiyo kwa sauti na uwe umeomba.

Shosho, Rongai

Wajukuu wangu, nawasoma nikiwa na miwani miwili. Shida yenu nyinyi ni kuzaa na kurudi kazini kama mtu aliyeenda kununua mkate. Zamani zetu mama aliyejifungua hakushika jembe wala kuni. Wanawake walikuja na kuni migongoni, mwingine maji, mwingine uji, mwingine akaosha nguo. Mama alikuwa na kazi moja: kunyonyesha na kulala. Leo mnakaa ghorofa ya tano, jirani hajui jina lako.

Na hizi dawa za dukani zimezidi. Mtoto akiwa na tumbo la gesi mpeni maji vuguvugu yenye asali kidogo. Akiwa na homa, mwarobaini. Akikohoa, mvuke wa mkaratusi. Tulilea hivyo na mko hai.

Muuguzi, kliniki ya mama na mtoto

Shosho, nakusalimu kwa heshima. Kuhusu kuni na uji sina la kuongeza, laiti tungeyarudisha. Kwenye dawa naomba unisikilize kidogo, maana nimewahi kuona watoto wakiletwa wamechelewa.

Asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata tone. Inaweza kubeba mbegu za kijidudu ambacho tumbo lake changa haliwezi kukizuia, nacho hutoa sumu inayolegeza misuli hadi ya kupumua. Akishapita mwaka, asali ni nzuri kwa kikohozi: kijiko kidogo na maji ya vuguvugu kabla ya kulala. Chini ya miezi sita hahitaji maji wala uji. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha hata Januari jua likiwaka. Gesi humsaidia kumbeba wima baada ya kunyonya na kumkanda tumbo taratibu.

Mwarobaini kwa mtoto mchanga tusiuguse. Mafuta yake yamewahi kuwaletea watoto degedege. Mama mjamzito naye auepuke. Mafuta ya mkaratusi yakimezwa ni sumu kwa mtoto, na beseni la maji yanayochemka karibu na mtoto anayetambaa limeunguza wengi. Pua ikiziba, matone ya maji ya chumvi yanatosha.

Na kwa kuwa tunaelekea baridi ya Juni na Julai: msilale na jiko la makaa ndani mmefunga dirisha. Hewa yake ya sumu haina harufu, inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na familia nzima hulala isiamke. Mvalishe mtoto nguo mbili, mlale naye karibu, jiko libaki nje.

Akihara, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14, na aendelee kunyonya. Pakiti ikikosekana usiku, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Akikohoa, mhesabie pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, au kifua kinabonyea chini ya mbavu, hiyo imeshavuka mipaka ya tangawizi. Nendeni.

Shosho, Rongai

Nimekusikia mwanangu. Asali nitaiweka mbali na huyu kijukuu wa miezi saba. Mungu akubariki.

Mama wa Watatu, Donholm

Asante Shosho kwa kukubali kuzungumza nasi hivi. Wapo watakaouliza: kutumia vidonge si kukosa imani? Mfalme Hezekia alipougua karibu kufa aliomba akilia, na Mungu akamwongezea miaka 15. Isaya yule yule aliyeleta jibu la maombi aliagiza waweke mkate wa tini juu ya jipu. Maombi na dawa viko katika sura moja, Isaya 38, na hakuna aliyeviona vinagombana. Luka naye anaitwa tabibu mpendwa katika Wakolosai. Ndiyo maana nampeleka mtoto kwa chanjo zake wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ya surua akifika miezi 9 na tena 18, huku nikimwombea njiani ndani ya matatu. Kujali vitu vya asili hakujawahi kunikataza sindano. Vitu vya asili ni vya kula, kunywa, kulala na kutembea. Pepopunda na surua vina dawa yao.

Baba wa Wawili, Kahawa West

Naomba kuingilia, wanaume tunasoma pia. Mke wangu amejifungua mwezi uliopita. Nataka kusaidia lakini kila nikishika kitu naambiwa niache, sijui. Na usiku siwezi kunyonyesha. Nifanye nini hasa?

Mama wa Watatu, Donholm

Baba, umeuliza swali ambalo lingeponya nyumba nyingi. Kwanza chukua zile wiki 2 za likizo ya baba. Ziko kwenye Sheria ya Ajira ya 2007, zina mshahara, na kuna wanaume wanaona haya kuziomba.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku na usiku wake. Huwezi kunyonyesha, ni kweli, lakini kila mara mtoto anaponyonya kuna kazi nne pembeni yake: kumtoa kitandani, kumbadilisha nepi, kumcheulisha, kumrudisha alale. Hizo nne ni zako. Mama ageuke tu, anyonyeshe amelala ubavu, afumbe macho. Jioni ukifika kutoka kazini mchukue mtoto, mke alale saa tatu au nne mfululizo kabla ya usiku kuanza. Usingizi usiokatwa ndio unaorudisha akili, na Jumamosi moja haiwezi kulipa deni la wiki. Jaza mitungi. Nunua mboga ukishuka stejini. Akisema acha, usiondoke. Muulize anapenda ifanywe vipi, kisha ifanye kila siku hadi aache kukusimamia.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 17, Musa amechoka mikono vitani. Watu husimulia Haruni na Huri walivyoishika mikono yake. Wanasahau kwamba walianza kwa kumtafutia jiwe aketi. Mke wako mtafutie jiwe kwanza.

Mama Pekee, Pipeline

Nimesoma yote na nimelia. Haya mazuri ni ya walio na bwana na dada wa kazi. Mimi niko peke yangu na watoto wawili, nauza nguo, nikikosa kwenda hatuli. Mdogo namwacha kwa mama anayelea watoto wa ploti nzima. Nilale saa ngapi? Nani aniletee uji?

Mama wa Watatu, Donholm

Dada yangu, hapo ndipo kanisa linatakiwa kuonekana, na nasema kwa uchungu kwamba mara nyingi halionekani. Tuna vikundi kila mahali: Woman's Guild kwa wa PCEA (Presbyterian), Mothers' Union kwa Waanglikana, jumuiya ndogo ndogo kwa Wakatoliki, na makanisa madogo ya mabati yana vyama vya akina mama vyenye nguvu ajabu. Harusi ikija tunachanga. Msiba ukija tunapika usiku kucha. Mtoto akizaliwa tunaenda siku moja na pampasi na sabuni, tunaomba, tunapigwa picha, tumemaliza. Mama aliyezaa anahitaji watu wiki ya tano, ya tisa, mwezi wa nne, wageni walipokwisha.

Kwa hivyo omba, na uombe kitu chenye jina. Ukisema "niombeeni nimechoka" utaombewa. Ukimwambia kiongozi wa kikundi, "Nahitaji mtu wa kukaa na watoto Jumapili kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja nilale," mtu atapatikana. Kwetu wanawake sita tuligawana siku: mmoja anapika ndengu nyingi kidogo, mwingine anafua Jumamosi, mwenye umri mkubwa anakaa tu na mtoto. Hakuna aliyeongeza matumizi ya kutisha. Anayesoma hapa na yuko Embakasi upande huo, ongea na dada huyu ndani ya kikundi chako cha kanisa. Pipeline haina uhaba wa makanisa.

Na mtoto ukimwacha, kama bado ananyonya, kamua maziwa asubuhi kwenye chombo safi chenye kifuniko. Mahali penye kivuli na ubaridi yanakaa karibu saa 4, kwenye friji hadi siku 4. Chakula chako cha mchana kisiwe chai na mandazi matupu. Kibandani kwa pesa inayokaribiana na hiyo kuna ndengu na chapati au githeri. Ongeza limau utoke na chuma.

Muuguzi, kliniki ya mama na mtoto

Mama Pekee, ukienda kliniki na kile kijitabu cha mama na mtoto, mdogo apewe vitamini A kama amepita miezi sita. Hutolewa kila baada ya miezi sita hadi afike miaka mitano, hospitali za serikali ni bure. Na wewe upimwe damu siku hiyo hiyo, usirudi nyumbani bila kuuliza. Wengi huja kwa ajili ya mtoto na hakuna anayemwangalia mama.

Mama Kichanga, Githurai

Nimeenda. Damu ni 9. Nimepewa vidonge, na yule dada wa kliniki alinisikiliza hadi mwisho, nitaonana na mshauri wiki ijayo. Nimemwambia mama mkwe pia, amesema atakuja kukaa nasi mwezi mmoja. Swali moja limebaki. Kanisani kwetu tunaanza mfungo wa siku 21, na mchungaji amesema kila mtu. Nikikosa naona kama nitakuwa nimejitenga na wenzangu. Ninaweza kufunga hadi saa kumi na mbili jioni?

Muuguzi, kliniki ya mama na mtoto

Kwa damu ya 9, na unanyonyesha mtoto ambaye chakula chake chote ni wewe? Hapana, mama. Kunyonyesha kunadai karibu kalori 500 zaidi kila siku. Kula mara tatu na uji katikati.

Mama wa Watatu, Donholm

Nami nasema hapana, kwa upendo. Ungana nao kwa saa ya maombi, mtoto akiwa kifuani. Ukitaka kutoa kitu, toa simu usiku, maana inakula usingizi wako kuliko mtoto. Mchungaji umwendee mwenyewe umwambie unanyonyesha na una upungufu wa damu. Wengi wao hawajui hadi waambiwe. Akitaka andiko, mpe Isaya 40:11, pale Mchungaji mwenyewe anapowabeba wana-kondoo kifuani, na wanaonyonyesha anawaongoza polepole. Mama mkwe akifika mwonyeshe unga wa wimbi ulipo, na umwambie chai yako iwekwe saa nne.